Kichupa Namba 114

Maabara, Dar es Salaam
11 Februari 1993

Kaka Renatus,

Shikamoo. Huku tu wazima, mimi na wanangu wawili, ila joto la mwaka huu limetukalia vibaya. Jeska ameingia darasa la tano na siku hizi ananisahihisha Kiswahili mbele ya wageni, eti naongea kibara. Nimemwambia kibara hichohicho ndicho kilichomnunulia viatu anavyovaa.

Mama hajambo? Magoti yanamruhusu kushuka ziwani, au bado anatuma watu na kuwagombeza wakichelewa? Mwambie kanga zake nimeshanunua, namtafuta tu mtu wa kuzileta.

Sasa nikupe habari za kazini, maana wewe ni mwenzetu hata kama ulishaacha. Mzee Alawi amepunguzwa. Hukuwahi kumwona, lakini kila kichupa cha damu ulichokifunga Mugango kilipita mikononi mwake, kwa kuwa ndiye mtunza friza tangu maabara ilipofunguliwa. Ule mwaka wa shida ya dizeli, umeme ukikatika siku tatu, alikuwa anasukuma mkokoteni hadi soko la samaki kuomba barafu. Mablanketi ya nyumbani kwake yote yalihamia kazini kufunika friza. Mkewe alikuja kushtaki kwa Daktari Twalib, mkuu wetu, kwamba mumewe anaipenda friza kuliko yeye. Juzi tumemuaga kwa soda. Alizunguka friza zote nne akizigusa mojamoja, akaenda zake. Mimi nilijifungia chooni nikalia.

Mwanaupe, mwosha vyupa, bado yupo. Unakumbuka nilikuandikia kwamba sabuni ilipopotea nchini alikuwa anaosha vichupa kwa majivu ya vifuu na ndimu, na vilitakata kuliko sasa? Leo maduka yamejaa sabuni za kila rangi, ila hana cha kuosha. Vichupa vinakuja vya plastiki, vinatumika mara moja na kutupwa. Anakaa pembeni anavitazama vikiingia pipani, roho inamuuma.

Sasa shida yangu. Friza namba mbili, yenye damu za watoto wenu wa Mara wa ule utafiti wa uvimbe wa taya, inatakiwa iwe tupu ifikapo tarehe 30 Juni ili ipishe mradi mpya wa UKIMWI. Vitakavyobaki ni vichupa vya watoto ambao habari zao zinajulikana. Vingine vinachomwa. Kwa Mugango kuna watoto kumi waliotolewa damu mwaka 1979, na mliporudi kuwatafuta mwaka 1980 mkaandika “hakupatikana”. Hapa tuna namba na jina moja tu la mtoto, kwa sababu majina ya wazazi yalikatazwa kuja Dar. Daftari la nyumba unalo wewe. Majina yote kumi nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, wa mwisho ni namba 114, Clementi. Tafadhali niambie kila mmoja ni wa nani na yuko wapi.

Nakukumbuka sana, kaka. Andika mapema.

Mdogo wako,
Marcelina


Mugango
20 Machi 1993

Mdogo wangu Marcelina,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi, nilichelewa kwa sababu mvua imekata barabara na mimi nilikuwa nafukuzana na mihogo. Mama hajambo. Ziwani anashuka, tena peke yake, na kugombeza anagombeza vilevile. Kanga anazisubiri na ameshawatangazia majirani.

Ziwa lenyewe ungeliona ungelikana. Furu wale tuliokuwa tunachoma tukitoka shule hawapo tena, sangara amewala wote. Magari yenye barafu yanakuja mpaka ufukweni kumchukua, na sisi tunabakiwa na vichwa. Nikiyaona yale masanduku ya barafu moyo unaniruka, nadhani ni timu yetu ya damu imerudi.

Umenikumbusha mbali. Daftari nilikuwa nimelifunga kwenye kipande cha turubai juu ya dari, likashuka na vumbi lake na nikakaa nalo kutwa nzima. Nilikuwa na mwandiko mzuri, usibishe. Nilikuwa natembea na kalamu tatu mfukoni, nyeusi ya majina, nyekundu ya waliokufa na bluu ya waliohama. Danford dereva alikuwa ananitania: “Wewe Renatus ukifaga utajiandika mwenyewe kwa nyekundu ndo ulale.” Ile Landrova ikionekana Kwikuba, watoto wanatawanyika na wanawake wanapiga kelele kwamba mumiani wamekuja kunyonya watu damu. Mimi nashuka kwanza, nasalimia kwa kilugha, nauliza habari za mbuzi na za mazao, mpaka mtu mmoja anacheka. Akicheka mmoja, kazi imeisha. Daktari hakuliweza hilo na digrii zake zote.

Haya, watoto wako. Wa kwanza na wa pili ni ndugu, walihamia Bunda na baba yao fundi seremala, wote wazima, mmoja ameoa. Wa tatu ni yule binti aliyekuwa na kigugumizi, sasa anauza vitenge Musoma mjini na kigugumizi kimehamia kwa wateja wake. Wa nne na wa tano walikufa kwa surua mwaka uleule, nina nyekundu yao hapa. Wa sita yupo Buhare, ni mwalimu. Wa saba anavua. Wa nane ameolewa Butiama. Wa tisa alikwenda machimboni na hajaandika nyumbani tangu hapo, ila mama yake anasema yu hai. Majina ya baba na namba za nyumba nimekunakilia kwenye karatasi ya nyuma, kwa kalamu nyeusi.

Msalimie Mzee Alawi ukimwona. Mwambie karani wa Mugango anamshukuru.

Kaka yako,
Renatus


Dar es Salaam
14 Aprili 1993

Kaka Renatus,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti maabara nzima ikaacha kazi. Mwanaupe amecheka habari ya kigugumizi hadi akajifuta machozi kwa koti. Daktari Twalib ameichukua ile karatasi ya nyuma na kusema hajawahi kuona rekodi safi namna ile. Vichupa tisa nimevihamisha mwenyewe kwenda friza namba moja.

Lakini nilikuomba kumi. Namba 114 umeiruka. Najua hukusahau, wewe huwezi kusahau mstari.

Ngoja niseme nilichokaa nacho tangu Februari. Nilipokuwa masomoni ng’ambo, mama aliniandikia kwamba wewe na Esta mmepata mtoto wa kiume na mmembatiza Clementi. Niliporudi nikakuta mtoto anaitwa Burito. Nikaambiwa aliugua, wazee wakambadilisha jina, na lile la kwanza halitamkwi tena. Nikanyamaza kama wengine. Akina Clementi ni wengi Mugango, naomba Mungu huyu awe mwingine.

Maana kama ni yeye, basi wifi Esta alisema kweli. Kwenye matanga ya Burito alisema mbele ya watu kwamba ulimtoa mtoto damu akiwa mzima, na kwamba sindano ile ndiyo iliyomletea uvimbe wa taya. Wewe ukaapa kwamba mtoto hakuguswa. Mimi mtu wa maabara ukaniomba niandike, nikaandika: nimetazama vitabu, damu pekee ya Burito tuliyonayo ni ile iliyochukuliwa hospitali akiwa tayari mgonjwa. Barua yangu ilisomwa kwenye kikao cha ukoo. Esta akafungasha akarudi kwao Butiama akiitwa mwongo, na watu wakasema uchungu umempanda kichwani. Nilitafuta Burito, kaka. Sikutafuta Clementi.

Nijibu tu. Namba 114 ni mtoto wa nani?

Marcelina


Mugango
2 Mei 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Nakutumia dagaa kidogo kwa mkono wa Hamduni, fundi cherehani wa Iringo, ambaye anakuja Dar kununua mashine. Ni dagaa wa kukaushwa juu ya mwamba, hawana mchanga.

Habari ya ile namba, daftari limeliwa na mchwa ukurasa huo. Usisumbuke nayo. Wenye kuchoma wachome.

Mvua imepungua. Wasalimie watoto.

Renatus


Dar es Salaam
20 Mei 1993

Kaka,

Shikamoo. Dagaa tumewapata. Hamduni ni mtu mwema na ameondoka na kanga za mama.

Mchwa hawali ukurasa mmoja. Mchwa nawajua, nimelala nao nyumba moja miaka kumi na tano na wewe.

Nimekasirika, nakuandikia hivyohivyo nikiwa nimekasirika. Juzi nilikwenda kumtembelea Mzee Alawi kwake Temeke. Amepanga viti nje anauza mkaa. Akaniuliza, “Watoto wa Mara hawajambo?” Watoto wa Mara ndivyo alivyoviita vile vichupa siku zote. Nikamwambia vinachomwa ambavyo havina wenyewe. Akasema aliposukuma ule mkokoteni hakujua majina yao, ila alijua kila kimoja kina mama. Nilishindwa kumaliza chai, kaka. Kichupa kimoja ninamjua mama yake na nilimwandikia uongo.

Nikueleze kinachoweza kufanyika, kisha uamue. Kichupa kile kimebaki na maji ya damu kidogo, yanatosha kipimo kimoja. Kitaonyesha kama kirusi tunachokishuku kwenye ule uvimbe kilikuwa tayari mwilini mwa mtoto siku ile ya 1979, au la. Siwezi kukuahidi jibu. Naweza kukuahidi tu kwamba kikishachomwa hakuna mtu duniani atakayejua tena, si wewe, si Esta. Na siwezi kukipima bila mwenyewe kukitambua, kwani mbele ya Daktari ni kichupa kisicho na mtu.

Siku zimebaki arobaini na moja. Posta yetu unaijua.

Marcelina


Iringo, Musoma
9 Juni 1993

Mdogo wangu Marcelina,

Marahaba. Naandikia dukani kwa Hamduni, hapa nyuma ya cherehani, ili mama asinione. Yeye hajambo. Amevaa kanga yako Jumapili na ametembea polepole makusudi ili wote wamwone. Barua hii nampa dereva wa basi aiposti mwenyewe Dar.

Namba 114 ni mwanangu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, pale kwenye banda la kupimia samaki. Sanduku la barafu lilikuwa na nafasi thelathini. Tulijaza ishirini na tisa. Wa thelathini alikuwa msichana wa nyumba ya juu. Bibi yake alimbeba mgongoni akakimbia naye mihogoni akipiga kelele za mumiani. Danford anapiga honi, barafu inayeyuka, na mimi nimeshika fomu yenye mstari mmoja mtupu. Wewe unanijua. Nilikuwa nikiona mstari mtupu silali. Clementi alikuwa amekaa kwenye baiskeli yangu akinisubiri tuondoke. Esta yuko shamba. Watoto wa wafanyakazi walikuwa wamekatazwa kwenye utafiti, hilo nililijua vizuri, mimi ndiye niliyekuwa nawasomea wengine masharti. Nesi akauliza, “Huyu wa nani?” Nikasema wa hapahapa kijijini. Kwenye daftari la nyumba sikumwandikia nyumba. Wala hakulia. Aliitazama damu ikipanda kwenye kioo, akaniuliza kama itarudishwa.

Nimeliandika jina lake hapo juu. Tangu mama alibadilishe sikuwahi kuliandika wala kulitamka, na Hamduni ameniuliza kwa nini kalamu imesimama.

Esta aliporudi aliona pamba mkononi. Nikasema ni mwiba. Miezi mitano baadaye mtoto akapata degedege, siku nne hajitambui. Mama akaita wazee, wakasema babu Burito anataka mtu wa kumrithi jina. Kwetu jina likishabadilishwa, la kwanza linatupwa, na kulitaja ni kuuita ugonjwa urudi. Mtoto akapona. Timu iliporudi mwaka ule wakasoma orodha: mia na kumi na nne, Clementi. Nikajibu, “Hakupatikana.” Sikuona kama nadanganya. Nyumbani kwangu kulikuwa na Burito, Clementi hakuwepo. Nililala vizuri kabisa siku hiyo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi kuliko yote.

Taya lilipovimba mwaka 1982 nilimpeleka mwenyewe hospitali, wakamtoa damu, nikaandikisha Burito. Ningeweza kusema kwamba damu yake ya kwanza ipo Dar. Nilijua thamani yake kwa utafiti, maana ndicho tulichokuwa tunakitafuta miaka yote, mtoto mwenye damu ya kabla na ya baada. Sikusema. Alikufa Novemba akiwa na miaka saba. Esta akasema kwenye matanga, mimi nikaapa mbele ya baba wadogo, wewe ukaandika. Wewe huna kosa, nilijua utatafuta jina gani.

Unaniuliza kwa nini nilikuwa tayari kichomwe. Kama kichupa hakina kitu, basi mwanangu alikuwa safi mpaka siku niliyomkalisha kwenye kile kiti, na Esta ana haki kwa yote mawili: nilidanganya na nilimuua. Miaka kumi nimeishi na nusu tu ya hayo. Niliogopa kupewa yote.

Kipime. Nakitambua mbele yako na mbele ya Daktari. Baba yake ni mimi, Renatus, aliyekuwa karani wenu.


Dar es Salaam
24 Juni 1993

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimeipata barua yako jana asubuhi na leo nakujibu, kwa hiyo soma polepole, maana na mimi nimeandika haraka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Twalib nikampa barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasema, “Miaka kumi na tatu tunaandika mtoto huyu amepotea, kumbe alikuwa anakula sahani moja na karani wetu.” Nilidhani atafoka. Aliniambia tu nikipime, na kwamba nisifanye peke yangu. Mwanaupe akaacha kazi zake akasimama mlangoni, asiingie mtu.

Kazi yenyewe iko hivi. Mwili ukishaingiliwa na kirusi unatengeneza askari, na askari hao hubaki kwenye maji ya damu. Tunayaweka juu ya kioo chenye chembe za kirusi na kutazama kwa darubini kwenye giza. Askari wakiwepo, chembe zinawaka kijani. Kisha tunayazimua maji ya damu mara kumi, mara ishirini, mara arobaini, hivyohivyo, tuone yatawaka mpaka wapi. Watoto wengi wa Mara wanaishia kwenye mia na sitini. Ya Clementi ilipita hapo. Ilipita mia tatu na ishirini. Kwenye elfu moja mia mbili na themanini ilikuwa bado inawaka. Daktari aliinama kwenye darubini muda mrefu, akarudia kuhesabu mwenyewe.

Nisikilize sasa. Kilichomo ndani ya kichupa kilikuwa mwilini mwake kabla sindano haijagusa ngozi. Askari wengi namna ile hawatokei kwa saa moja wala kwa wiki. Sindano haikumpa, kaka. Hukumuua. Kirusi hiki karibu kila mtu anacho, mimi ninacho na wewe unacho, na kwa nini kwa mtoto mmoja kinageuka uvimbe na kwa elfu moja hakigeuki hatujui bado, hata Daktari hajui, na akikwambia anajua usimwamini. Lakini hilo la sindano tunalijua.

Nililia, kaka. Nilimwona yuko kwenye baiskeli.

Hiyo ni nusu moja. Nusu nyingine ni kwamba ulidanganya, na mimi nikaugongea muhuri uongo wako. Sitakusaidia kulipunguza hilo, na wewe usinisaidie langu. Nimemwandikia wifi Esta. Barua yake imo ndani ya hii, sijaifunga, isome ukitaka. Umpe mkononi mwenyewe, usimtume mtu.

Daktari amenipa mwezi mmoja zaidi, hadi mwisho wa Julai. Kimebaki kama tone moja. Anataka kukihifadhi pamoja na kile cha 1982, kwa sababu watoto wenye damu ya kabla na ya baada wanahesabika kwa vidole. Lakini amesema, na mimi nimesema, kwamba safari hii mama aulizwe. Anaweza kukubali kibaki. Anaweza kutaka kichomwe. Akitaka kiletwe nyumbani kizikwe, nitapanda treni nikilete mwenyewe kwenye chupa ya chai yenye barafu. Fomu ya idhini nimeiambatanisha.

Mdogo wako anayekupenda,
Marcelina


Butiama
18 Julai 1993

Mdogo wangu Marcelina,

Marahaba sana. Mama hajambo, ila wiki hii amelia mpaka macho yamevimba, nitakueleza. Mimi ni mzima. Naandikia uani kwa kaka yake Esta, juu ya gunia la mahindi, usinicheke mwandiko.

Nilikuja hapa mara ya kwanza tarehe sita. Nilikuwa sijamwona Esta tangu harusi ya binamu yangu kule Bunda, miaka sita iliyopita, na siku ile alipita upande wa pili wa barabara. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Ana mvi. Bado anakaa vilevile, mguu mmoja ameukunja na mwingine ameunyoosha, nikakumbuka nyumba yetu ya kwanza, ile ya udongo, na jinsi alivyokuwa ananisomesha majina ya nyota kwa kilugha chao mimi nikijifanya siyajui ili aendelee. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kwenye baiskeli. Yote yakapotea. Nikasema, “Nilimtoa damu. Haikuwa mwiba.”

Aliendelea kupukuchua. Akasema, “Najua. Nilikuwaga nasubiri tu wewe ndo useme.”

Nikampa barua yako. Aliisoma mara mbili. Nikamweleza habari ya kijani na ya kuzimua, kama ulivyoniandikia, kwamba ugonjwa ulikuwemo kabla ya sindano. Nilidhani hilo ndilo litakalompa nafuu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Hiyo imekupa nafuu wewe. Mimi nilishamsamehe sindano siku nyingi. Baba wadogo wako watasikia lini?”

Basi nikaita kikao, Jumapili iliyopita, nyumbani Mugango. Esta alikuja na kaka yake wakakaa karibu na mlango. Nilisimama palepale niliposimama mwaka ule nikaapa. Nikasema yote, mstari mtupu, baiskeli, nesi, pamba, “hakupatikana”. Nikaisoma ile barua yako ya zamani, maana mama alikuwa ameihifadhi, kisha nikaisoma mpya. Baba mdogo mmoja akasema mambo yamepita, tusifukue. Nikamjibu kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwamba anyamaze. Mama yetu alikwenda akapiga magoti mbele ya Esta na magoti yake yale. Esta akamwinua, akamwambia, “Mama, usiumie.” Ndipo mama alipolia, na hajaacha vizuri mpaka leo.

Hajarudi kwangu, wala sikumwomba. Tulikwenda pamoja kaburini, akang’oa nyasi upande wake na mimi upande wangu. Alicheka mara moja aliponikumbusha mtoto alivyokuwa anamwigiza Danford kupiga honi mpaka kuku wanakimbia. Nilikuwa nimelisahau hilo, Marcelina. Nilikuwa nimejikataza kumkumbuka akiwa mzima, kwa sababu kila nikimkumbuka mzima nafika kwenye banda la samaki. Sasa nimerudishiwa miaka yote saba.

Leo nimekuja Butiama kwa ajili ya fomu. Sikutaka kumuuliza mbele ya watu. Kusema kweli mimi na mama tulikuwa na neno letu. Tulitaka ukilete. Tungekizika pembeni yake, padri angekuja, na mambo yangekwisha kwa heshima. Nikamwambia Esta hivyo. Nikasema lakini anayeamua ni yeye.

Akachukua fomu, akaisoma polepole, hata maandishi madogo ya chini. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, ameniambia nisipunguze:

“Mwambie wifi kibakie hukohuko. Nimesemaga miaka kumi mtoto alitolewa damu, mkasema sina akili. Mkikizika leo, mimi nikifa, mtasema tena hakikuwepo. Akitunze. Na waandike juu yake kwamba ana mama, anaitwa Esta.”

Sahihi ameweka mwenyewe, imo humu. Majibu ya fomu hii usinitumie mimi, mwandikie yeye.

Kaka yako,
Renatus